Birmingham: Nani ameshika saa ya mfanyakazi?

Tarehe 6 mwezi Aprili mwaka 2024, sheria mpya ya kazi ilianza kutumika katika England, Wales na Scotland. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwajiriwa ana haki, tangu siku yake ya kwanza kazini, ya kumwomba mwajiri ambadilishie saa za kazi: aingie baadaye kidogo baada ya kuwapeleka watoto shuleni, afanye kazi siku tatu badala ya tano, au afanyie kazi nyumbani. Mwajiri naye anatakiwa kutoa jibu katika muda wa miezi miwili.

Wengi waliipokea hatua hiyo kama tunda la zama za intaneti na simu za mkononi. Lakini Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, una kumbukumbu ya zamani zaidi. Katika mji huo, zaidi ya karne mbili zilizopita, fundi wa kawaida hakumwomba mtu ruhusa ya kupanga saa zake. Aliingia karakanani alipotaka, na siku ya Jumatatu mara nyingi hakuingia kabisa.

Historia ya Birmingham inaonyesha jinsi saa hiyo ilivyotoka mikononi mwa fundi ikaingia mikononi mwa mwenye kiwanda, na jinsi wafanyakazi wanavyoendelea kuidai hadi leo.

Mtakatifu Jumatatu

Katika karne ya 18, Birmingham ilisifika kwa kazi za chuma na shaba. Vifungo, pini, bunduki, kufuli na mapambo vilitoka huko kwenda sehemu nyingi za dunia. Watu waliuita mji wa kazi elfu moja. Hata hivyo, kazi hizo kwa kiasi kikubwa hazikufanywa katika viwanda vikubwa. Zilifanywa katika karakana ndogo nyuma ya nyumba za watu, fundi akiwa na wasaidizi wachache, na malipo yake yakihesabiwa kwa idadi ya vitu alivyokamilisha, wala si kwa saa.

Fundi alilipwa Jumamosi jioni. Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko. Jumatatu ilipofika na fedha zikiwa bado mfukoni, hakuona sababu ya kuharakisha. Alikwenda kilabuni kunywa bia, kutazama majogoo yakipigana, kutembelea ndugu au kulima bustani yake. Wengine walivuta hata Jumanne. Kazi ilianza kushika kasi Jumatano, na ilipofika Alhamisi na Ijumaa taa ziliwaka karakanani hadi usiku wa manane ili kufidia siku zilizopotea.

Desturi hiyo ilipewa jina la mzaha, Mtakatifu Jumatatu, kana kwamba ni sikukuu ya mmoja wa watakatifu wa kanisa. Ilikuwako katika miji mingi ya Ulaya, lakini Birmingham ilikuwa miongoni mwa ngome zake. Mwanahistoria Douglas Reid, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1976, aliufuatilia mwenendo huo mjini humo tangu mwaka 1766 hadi mwaka 1876. Baadaye alichunguza hata vitabu vya ndoa. Vilionyesha kwamba watu wa tabaka la wafanyakazi walipenda kuoana siku ya Jumatatu, jambo lisilowezekana kwa mtu anayetakiwa kuwa kazini siku hiyo.

Uhuru huo haukuwa wa kila mmoja. Wanawake na watoto waliokuwa wasaidizi wa fundi hawakuchagua saa zao. Jumatatu walikaa bila kazi na bila ujira, na Ijumaa walilazimika kukesha pamoja naye. Wake nao walilalamika kwamba fedha za chakula zilikuwa zikiishia kilabuni. Tangu mwanzo, basi, kubadilika kwa saa za kazi kulikuwa neema kwa mmoja na mzigo kwa mwingine.

Injini haisubiri

Mabadiliko yalianza taratibu. Katika miaka ya 1760, mfanyabiashara Matthew Boulton alijenga kiwanda kikubwa mahali paitwapo Soho, huko Handsworth, nje kidogo ya mji. Mwaka 1775 aliungana na mhandisi James Watt kutoka Scotland, na kwa pamoja wakaanza kuuza injini za mvuke.

Boulton na Watt walikuwa wanachama wa jumuiya ya wanasayansi na wafanyabiashara iliyoitwa Jumuiya ya Mwezi. Jina hilo lilitokana na desturi yao ya kukutana usiku ulio karibu na mwezi mpevu, ili waone njia wanaporudi nyumbani. Watu hao waliokuwa wakijenga ulimwengu wa mashine walikuwa bado wanapanga ratiba zao kwa kutazama angani. Rafiki yao Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo huko Staffordshire, alikwisha kuanza kutumia kengele na kuandikisha muda wa kila mfanyakazi kuingia kazini.

Hata hivyo, injini ya mvuke haikumwondoa Mtakatifu Jumatatu mara moja. Karakana ndogo ziliendelea kuwa nyingi kwa miaka kadhaa zaidi. Hadi miaka ya 1840, Jumatatu ilikuwa bado siku ya watu kutembea. Safari za starehe za treni zilipangwa siku hiyo, na bustani ya mimea ya Edgbaston, iliyofunguliwa mwaka 1832, iliwakaribisha wafanyakazi siku za Jumatatu kwa kiingilio cha peni moja.

Kilichobadili mambo ni gharama. Kufikia katikati ya karne ya 19, mafundi wengi walikuwa wakipanga vyumba katika majengo yenye injini moja kubwa, na kulipia nguvu ya mvuke iliyozungusha mashine zao. Injini ilikula makaa ya mawe, fundi awepo au asiwepo. Hapo ndipo Jumatatu ya mapumziko ilipoanza kuwa hasara inayoonekana katika hesabu.

Mabadilishano

Waajiri walijua kwamba adhabu peke yake haitatosha. Kukawa na mabadilishano: mfanyakazi aje kazini Jumatatu, na kwa upande mwingine apewe mapumziko ya Jumamosi mchana. Sheria ya mwaka 1850 ilikuwa imekwisha kuwataka wenye viwanda vya nguo kuwaruhusu wanawake na vijana kuondoka saa nane mchana siku ya Jumamosi. Birmingham haikuwa mji wa nguo, lakini katika miaka ya 1850 baadhi ya waajiri wake walianza kuufuata utaratibu huo kwa hiari. Mwaka 1867 sheria za viwanda zilipanuliwa na kuingia katika kazi za chuma na hata katika karakana ndogo.

Viongozi wa dini na wapinzani wa ulevi waliunga mkono mpango huo, na vyama vya wafanyakazi navyo vikaukubali. Lakini hesabu yake ilikuwa wazi: siku nzima, ambayo fundi alijichukulia mwenyewe, ilibadilishwa kwa nusu siku aliyopewa na mwajiri.

Nusu siku hiyo ilizaa jambo ambalo mamilioni ya Waafrika Mashariki wanalifahamu. Mwaka 1874 vijana wa kanisa moja katika eneo la Aston walianzisha klabu ya Aston Villa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Small Heath Alliance, ambayo leo ni Birmingham City. Mwaka 1888 kiongozi mmoja wa Aston Villa, William McGregor, mwuza nguo mzaliwa wa Scotland, aliongoza kuundwa kwa Ligi ya Kandanda ya Uingereza. Mechi zilichezwa Jumamosi alasiri kwa sababu huo ndio wakati kengele ya kiwanda ilipomwachia mfanyakazi. Anayeketi mbele ya televisheni Mombasa au Mwanza Jumamosi, saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, kutazama mpira wa Uingereza, anafuata bila kujua ratiba ya viwanda vya wakati huo.

Saa yenyewe ilibadilika pia. Zamani Birmingham ilifuata jua lake, na ilikuwa nyuma ya London kwa dakika zipatazo saba na nusu. Treni hazikuweza kwenda hivyo. Mwaka 1880 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya saa ya Greenwich kuwa saa rasmi ya Uingereza nzima. Wazungumzaji wa Kiswahili, ambao hadi leo huhesabu saa moja asubuhi baada ya jua kuchomoza, wanaweza kuelewa ni kitu gani kilichopotea hapo.

Kengele ya Bournville

Mwaka 1879, ndugu wawili, Richard na George Cadbury, walihamishia kiwanda chao cha kakao na chokoleti kusini mwa mji, mahali walipopaita Bournville. Wao walikuwa Waquaker, wafuasi wa dhehebu la Kikristo linalosisitiza amani na maadili katika biashara. Walijenga nyumba nzuri, viwanja vya michezo na bwawa la kuogelea, na wafanyakazi wao walikuwa na nusu siku ya Jumamosi. Lakini nidhamu ya muda ilikuwa kali, na kwa miaka mingi mwanamke aliyeolewa alitakiwa kuacha kazi.

Sehemu kubwa ya kakao iliyotumika Bournville ilitoka katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyokuwa koloni la Ureno. Huko, watu waliochukuliwa kutoka Angola walifungwa na mikataba ya miaka mitano, na wengi wao hawakurudi kwao kamwe. Kampuni iliacha kununua kakao ya visiwa hivyo mwaka 1909, baada ya miaka kadhaa ya uchunguzi na malalamiko. Mwaka 1908 ilikuwa imelishtaki gazeti la Standard la London kwa kuichafulia jina. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Kampuni ilishinda, lakini baraza la wazee wa mahakama liliipa fidia ya robo peni tu, sarafu ndogo kuliko zote nchini.

Kesi hiyo iliweka pamoja watu wa pande mbili za biashara moja: mfanyakazi wa Bournville aliyeondoka Jumamosi mchana, na mfanyakazi wa shamba la kakao ambaye hata miaka yake haikuwa yake.

Kutoka Birmingham hadi Mombasa

Mabishano kuhusu muda hayakubaki Uingereza. Maofisa na wafanyabiashara waliolelewa katika utaratibu wa kengele waliubeba hadi Afrika Mashariki, na huko wakakutana na desturi iliyofanana sana na Mtakatifu Jumatatu.

Katika bandari ya Mombasa, kazi ya kupakia na kupakua meli ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua walioajiriwa kwa siku. Neno kibarua lenyewe huhusishwa na barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kibarua wa Mombasa aliweza kufanya kazi siku chache kwa mwezi, akapata fedha za kumtosha, kisha akarudi shambani kwake au kwenye shughuli nyingine. Kwa serikali ya kikoloni huo ulikuwa uvivu na hatari kwa utulivu wa mji. Kwa kibarua, ilikuwa njia ya kutomtegemea bwana mmoja.

Uhuru huo nao ulikuwa na upande wake mchungu, kwani siku isiyo na meli ilikuwa siku isiyo na chakula. Ujira mdogo na gharama za maisha zilichangia mgomo mkuu wa Januari mwaka 1947, ambao uliisimamisha Mombasa kwa siku zipatazo kumi na mbili na kuwashirikisha wafanyakazi wapatao 15,000. Katika miaka ya 1950, vibarua wa bandarini waliandikishwa, na aliyeshindwa kutimiza idadi ya siku zilizotakiwa kila mwezi aliondolewa katika orodha. Kilichochukua miaka mia moja Birmingham kilifanyika Mombasa katika muda wa miaka michache tu.

Baada ya uhuru, baadhi ya watu wa Afrika Mashariki walivuka bahari na kukutana na kengele hiyo nyumbani kwake. Maelfu ya watu wenye asili ya Asia walihamia Uingereza kutoka Kenya, Tanzania na Uganda. Baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, takriban 28,000 waliingia kutoka Uganda peke yake, na wengi wakaishia katika miji ya viwanda ya katikati ya England, Birmingham ikiwa mmojawapo. Mmoja wa wahamiaji hao, Jayaben Desai, aliyekuwa ameishi Tanzania, aliajiriwa katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London. Mwezi Agosti mwaka 1976 aliamriwa ghafla kufanya kazi saa za ziada wakati wa kuondoka ulipofika. Alikataa, akatoka nje, na mgomo uliofuata ulidumu hadi mwaka 1978. Wagomaji hawakushinda, lakini nchi nzima ilisikia kwamba mwanamke mhamiaji naye ana jioni yake.

Akaunti ya saa

Wakati huo wazo jipya lilikuwa limeanza kuenea kutoka Ujerumani. Mwaka 1967 kampuni ya kutengeneza ndege iliyokuwa Ottobrunn, karibu na Munich, ilianza kuwaruhusu wafanyakazi kuchagua wenyewe saa ya kuingia na ya kutoka, mradi wote wawepo katikati ya siku na watimize saa zao za mwezi. Wazo hilo lilikuwa limependekezwa na mchumi Christel Kämmerer. Lengo lake lilikuwa kuwavutia wanawake wenye watoto na kupunguza msongamano wa magari asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 utaratibu huo uliingia Uingereza, hasa katika ofisi za serikali na kampuni za bima.

Katika viwanda, wazo hilo lilikuja na sura nyingine. Mwaka 1994 kampuni ya BMW ya Ujerumani iliinunua Rover, yenye kiwanda kikongwe cha Longbridge kilichoanzishwa na Herbert Austin mwaka 1905 kusini-magharibi mwa Birmingham. Mwishoni mwa mwaka 1998, kampuni ikiwa inapata hasara, wafanyakazi waliukubali kwa kura mpango wa akaunti ya saa. Magari yakihitajika kwa wingi, mfanyakazi angefanya kazi muda mrefu zaidi bila malipo ya saa za ziada. Soko likilala, angepumzika na kufidiwa saa zake.

Hapo saa za kazi zilibadilika kweli, lakini kwa kufuata soko la magari. Wafanyakazi walikubali wakitumaini kuokoa ajira zao. Hata hivyo, BMW iliiuza kampuni hiyo mwaka 2000 kwa pauni kumi tu, na mwezi Aprili mwaka 2005 MG Rover ilifilisika. Watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi.

Haki ya kuomba

Sheria ya Uingereza ilikuja kwa hatua. Aprili mwaka 2003, wazazi wenye watoto walio chini ya miaka sita, au wenye watoto walemavu, walipewa haki ya kuomba kubadilishiwa saa. Mwaka 2007 wakaongezwa wanaowahudumia watu wazima wagonjwa au walemavu, mwaka 2009 wazazi wa watoto wa hadi miaka 16, na mwaka 2014 wafanyakazi wote waliotimiza wiki 26 kazini. Ugonjwa wa Covid-19 ulipozuka mwaka 2020, ofisi zilifungwa, na mamilioni wakagundua kwamba kazi zao zinaweza kufanyika mezani jikoni. Sharti la wiki 26 likaondolewa mwaka 2024.

Lakini haki hiyo ni ya kuomba, si ya kupata. Mwajiri anaweza kukataa kwa sababu za kibiashara zilizotajwa katika sheria, kama vile gharama au upungufu wa watu wa kushika zamu.

Aidha, upande wa pili wa sarafu umekua. Mwaka 2023 zaidi ya watu milioni moja nchini Uingereza walikuwa na mikataba isiyowahakikishia hata saa moja ya kazi. Wengi wao ni wanaowahudumia wazee, wanaofanya kazi hotelini, au wanaopakia bidhaa katika maghala, na miongoni mwao wamo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki. Mtu wa mkataba huo husubiri simu, na isipolia, hana ujira. Kibarua wa Mombasa ya mwaka 1947 asingehitaji kuelezwa maana yake.

Kati ya Juni na Desemba mwaka 2022, kampuni 61 za Uingereza zilijaribu juma la kazi la siku nne bila kupunguza mishahara. Kampuni 56 ziliamua kuendelea nalo baada ya majaribio kumalizika. Kwa mfanyakazi anayepangiwa mapumziko yake mwanzoni mwa juma, Mtakatifu Jumatatu amerudi, safari hii akiwa na kibali cha mwajiri.

Na hapo ndipo ilipo tofauti na wakati wa mafundi wa vifungo na pini. Fundi wa zamani alijichukulia siku yake, na wasaidizi wake wakaibeba gharama. Leo mwenye kazi ya kompyuta anaweza kuomba siku yake na huenda akaipata. Anayefagia ofisi ya huyo mwenye kompyuta hawezi kuifagia akiwa nyumbani kwake. Birmingham imeishi na swali hilo tangu karne ya 18, na sheria ya mwaka 2024 imelijibu nusu tu.